Wakufunzi wa mitandao ya kompyuta: Packet Tracer inatosha, au tunazalisha mafundi wa kwenye skrini?

#1 MwalimuWaSwichi
Wakuu, salaam.

Nafundisha mitandao ya kompyuta ngazi ya diploma, chuo cha mkoani. Kompyuta za maabara ni za RAM GB 4, intaneti ni ya kuvizia, na vifaa halisi ni swichi mbili tu. Kwa hiyo karibu kila kitu nafundishia Packet Tracer, programu ya Cisco inayoigiza mtandao kwenye kompyuta. Vijana wanaipenda, na kwenye mazoezi ya VLAN (kugawa swichi moja kuwa mitandao kadhaa) na OSPF (ruta kuambiana njia) wanapata asilimia 100.

Shida inaanza wakienda mafunzo ya vitendo. Kampuni moja iliyowapokea ilinipigia simu. Kijana kapelekwa kwa mteja, kakuta kompyuta mbili kwenye swichi moja, ping (ujumbe wa kujaribu kama moja inaifikia nyingine) haipiti. Kabadilisha kebo. Kabadilisha anwani za IP. Kazima swichi, kaiwasha. Mchana mzima. Fundi wao alipofika akaangalia firewall (kinga inayochuja trafiki) ya Windows, akaruhusu ping, wakaondoka. Windows kwa kawaida huzuia ping inayoingia, hasa mtandao ukiwa umewekwa kama wa hadharani. Kwenye Packet Tracer PC ukishaipa anwani sahihi inajibu, firewall yake imezimwa mpaka uiwashe mwenyewe. Kijana angeijulia wapi?

Dai langu, na mnipinge: Packet Tracer inafundisha amri, haifundishi mtandao. Ninyi mnaofundisha mnatumia nini? Nataka vitu vya bure, vinavyobebeka na mashine dhaifu.

#2 MzeeWaKonsoli
Nakupinga mapema. Programu haina kosa, angalia mafaili unayowapa.

Wakufunzi wengi tunapakua mazoezi ya .pka (mafaili ya Packet Tracer yanayojisahihisha) yaliyo tayari. Mwanafunzi anafungua sehemu ya matokeo, anaona kipengele gani hakijapata alama, anaandika amri mpaka vyote vigeuke kijani. Huyo anajaza fomu. Packet Tracer hiyohiyo ina Activity Wizard, unatengeneza zoezi lako mwenyewe na kumfungia asione unachosahihisha. Mimi siwapi mtandao mtupu waujenge. Nawapa uliokwisha kusanidiwa nikauvuruga: PC moja ina gateway (anwani ya ruta ya kutokea) ya uongo, trunk moja (waya unaobeba VLAN nyingi) haipitishi VLAN 20, ruta moja iko area (kanda) 0 ya OSPF na jirani yake kwenye waya uleule yuko area 1. Anayepata anajua, asiyepata anajulikana.

Wakinakiliana, tumia Variable Manager. Kila faili linafunguka na anwani zake.

#3 FundiKariakoo
Mimi si mwalimu, ni mpokeaji wa hao vijana wenu. Mnaongelea skrini, mimi naongelea mikono.

Nampa kijana boksi la Cat6, plagi za RJ45 na koleo. Anapanga rangi jozi kwa jozi kama anavyoona inapendeza: chungwa mbili, kijani mbili, bluu mbili, kahawia mbili. Ncha zote mbili kafanya hivyohivyo. Anachomeka kwenye tester ya bei rahisi, taa zote nane zinawaka kwa mpangilio, ananiletea kwa furaha. Kebo hiyo ni mbovu. Pini ya 3 na ya 6 zinatakiwa ziwe za jozi moja iliyosokotwa pamoja, ndiyo maana kwenye T568B kijani inaruka: nyeupe-kijani inakaa ya 3, kijani inakaa ya 6, bluu zinakaa katikati. Yeye kazikalisha 3 na 4. Umeme unapita, tester inaridhika, lakini ishara zinaingiliana. Kebo ikiwa ndefu mteja anaanza kulalamika intaneti inakatakata, na gigabiti ndiyo usahau.

Hilo hakuna simuleta itakayomwonyesha. Nunueni makoleo.

#4 MamaSabneti
#3 umenigusa. Kwenye Packet Tracer kebo ni kubofya alama ya umeme. Na kwa nini kijani inaruka, vijana wengi hawajawahi kuambiwa. Wanakariri rangi kama wimbo.

#5 MwalimuKisumu
Hamjambo. Kwetu Kenya kwenye vyuo vya TVET hali ni hiyohiyo, ila mimi naona chanzo ni kingine. Tunafundisha vifaa vya Cisco pekee, na barabarani kuna MikroTik, kampuni nyingine ya ruta. Watoa huduma wadogo wa intaneti, hoteli, shule, nyumba za kupangisha, kote ni MikroTik. Mwanafunzi wangu aliketi mbele ya RouterOS, mfumo wa ruta za MikroTik, akaandika show ip route ya Cisco, ikamkatalia. Akaniambia ruta imeharibika. Hajui kwamba kule ni /ip route print na jedwali la njia ni lilelile.

Suluhisho langu: MikroTik wana toleo la kuendesha ndani ya kompyuta, linaitwa CHR. Leseni ya bure haiishi muda, kikomo chake ni megabiti 1 kwa sekunde kila interface. Kwa kujifunza inatosha kabisa. Naweka kwenye VirtualBox (programu ya kuendesha mashine pepe), kila ruta MB 256. Mashine ya GB 4 inabeba ruta tatu bila kulia. Wana pia mpango wa MikroTik Academy kwa vyuo, ila mkufunzi lazima awe na cheti chao kwanza.

#6 Linuxi_tu
Mnahangaika na leseni na kampuni, wakati kila kitu mko nacho. Sakinisha Linux kwenye hizo mashine za GB 4. Huhitaji hata VirtualBox.

ip netns add r1
ip netns add r2
ip link add v1 type veth peer name v2
ip link set v1 netns r1
ip link set v2 netns r2

Tayari una ruta mbili zimeunganishwa kwa kebo. Kila namespace (chumba cha mtandao kilichojitenga ndani ya Linux) ina jedwali lake la njia, ARP yake, firewall yake. Hakuna mfumo mwingine wa uendeshaji unaowashwa, kwa hiyo RAM haistuki, unaweza kuwa na ishirini kwenye mashine moja. Ukitaka OSPF na BGP (mitandao ya watoa huduma kuambiana njia), weka FRRouting (programu ya bure ya ruta), amri zake zinafanana sana na za Cisco. Ukichoka kuandika kwa mkono kuna Kathará ya Chuo Kikuu cha Roma Tre na kuna Containerlab, mchoro wote unaandikwa kwenye faili moja la maandishi.

Na hii ndiyo ninayoipenda zaidi:

ip netns exec r1 tc qdisc add dev v1 root netem delay 600ms loss 5%

Hapo umemrudisha mwanafunzi kwenye intaneti ya setilaiti, kabla kebo ya baharini ya Seacom haijafika pwani yetu mwaka 2009. Mwache avute faili kubwa, aone TCP (itifaki inayohakikisha data inafika) inavyoteseka kwa ucheleweshaji na upotevu. Hayo ndiyo mafunzo.

#7 FundiKariakoo
#6 nilijua tu utafika na Linux yako. Uzi ungekuwa wa kupika pilau ungesema tusakinishe Ubuntu kwanza.

#8 Linuxi_tu
Pilau iko kwenye repository.

#9 KijanaWaCCNA
Kwa nini hakuna anayetaja GNS3? Ndiyo simuleta bora kuliko zote, ina IOS (mfumo wa ruta za Cisco) yenyewe kabisa. Packet Tracer nayo mpaka chuo chako kiwe kimesajiliwa, kwa hiyo wa nje hana pa kuipata.

#10 MzeeWaKonsoli
#9 mambo mawili hapo si sahihi, mdogo wangu.

La kwanza, GNS3 haiigizi. Packet Tracer ndiyo inayoigiza: watengenezaji wameandika programu inayojibu kama ruta, ndiyo maana kuna amri nyingi haizijui. GNS3 kwa kutumia Dynamips au mashine pepe inaendesha mfumo halisi wa ruta. Tofauti yake darasani ni kubwa. Kwenye GNS3 unaweza kubofya waya na kufungua Wireshark (programu ya kusoma pakiti) ukaona pakiti za kweli. Packet Tracer ina hali yake ya kuonyesha bahasha zikitembea, ambayo kwa anayeanza ni nzuri mno, lakini Wireshark huwezi kuichomeka pale.

La pili, Packet Tracer mtu yeyote anaipata. Unafungua akaunti ya Networking Academy, unapakua. Chuo kusajiliwa kunahitajika kwa madarasa rasmi yenye mkufunzi.

Na hiyo IOS ya GNS3 umeitoa wapi?

#11 KijanaWaCCNA
Nashukuru mkuu. IOS nilipewa kwenye flashi.

#12 MamaSabneti
Hapo kwenye flashi ndipo nisipopenda. IOS ni mali ya Cisco na inahitaji leseni. Mwalimu ukiwagawia darasa zima umewafundisha somo jingine. Njia safi zipo. Cisco wenyewe wametoa CML (maabara pepe yao) ya bure yenye kikomo cha vifaa 5 kwa wakati mmoja. EVE-NG (maabara pepe nyingine) toleo la jumuiya ni bure, mfumo wa ruta unauleta mwenyewe, na unaweza kuleta hiyo CHR ya #5 au FRRouting ya #6. Ila kwa mashine za GB 4 za mleta uzi, CML na EVE-NG tusidanganyane. Labda apate seva moja yenye RAM ya kutosha, wanafunzi waingie kwa kivinjari.

#13 MwalimuWaSwichi
Seva moja! Tayari naona njia. Kuna seva ya zamani stoo, GB 32, ilikuwa ya mfumo wa ada ukahamishwa.

#2 hoja ya kuvuruga mtandao nimeipenda, lakini hujajibu la firewall. Kosa unalolipanda wewe ni lile unalolifikiria. Kijana alikwama kwa kosa ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimelifikiria kulipanda.

#14 MzeeWaKonsoli
PC za Packet Tracer zina firewall, umesema mwenyewe. Iwashe kwenye moja, funga faili, wape. Si kila kitu kinahitaji seva ya stoo.

#15 Bukavu_Net
Jambo wote, ndugu yenu wa Bukavu. Kwetu darasa ni kwa Kifaransa, Kiswahili kinaingia pale mwanafunzi anapokwama. Vitu vyote mnavyovitaja maelezo yake mengi ni ya Kiingereza. Kozi za Networking Academy zipo kwa Kifaransa, ndiyo sababu kubwa tumebaki nazo. Mtu ataniambia Linux ni bora, nakubali, lakini mwanafunzi anasoma kosa kwenye skrini bila kuelewa neno, anabaki kunakili amri. Mimi naona lugha ndiyo inayozaa hao wa kukariri kuliko programu yenyewe.

#16 DadaPwani
#15 umesema kweli, na kwetu Tanzania si tofauti. Mtihani kwa Kiingereza, ufafanuzi kwa Kiswahili, na video za YouTube kwa lafudhi anayoijua mwenye nayo.

Nina swali la wakufunzi wenyewe. Mnaongelea zana za wanafunzi. Sisi tunaofundisha tunanolewa wapi? Mimi nilimaliza chuo IPv6 (toleo jipya la anwani za intaneti) ikiwa ukurasa mmoja kwenye noti.

#17 NjiaYaKaskazini
#16 hilo nina majibu, kaa vizuri.

NSRC, kituo cha mafunzo ya mitandao cha Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani. Wamefundisha wahandisi wa vyuo vikuu Afrika kwa miaka mingi, na slaidi na mazoezi yao yote yako wazi kwenye tovuti yao. Unapakua mara moja, unafundishia bila intaneti. Kozi ya kubuni na kuendesha mtandao wa kampasi ndiyo ya kuanza nayo. Haikufundishi amri kwanza. Inaanza na swali la kwa nini mtandao wa chuo chako umekuwa mlolongo wa swichi iliyochomekwa kwenye swichi iliyochomekwa kwenye swichi, na utaufanyaje uwe nyota yenye kitovu kimoja.

AfNOG, kundi la waendesha mitandao Afrika, warsha zake zilianza Cape Town mwaka 2000. Mwaka 2011 zilifika Dar. Mtindo wao ni kila kundi kuwa na ruta yake na kuunganishwa na makundi mengine, kwa hiyo ukikosea BGP yako jirani anaumia na anakuja mezani kwako.

AFRINIC (wasajili wa anwani za IP Afrika) wana kozi za bure za IPv6 mtandaoni, na RIPE NCC Academy (ya wenzao wa Ulaya) nao kozi zao ni bure kwa yeyote. APNIC Academy wana maabara zinazofunguka ndani ya kivinjari, lakini hao ni wa Asia, sisi hatuingii.

#18 MwalimuKisumu
Nikusahihishe kidogo #17: APNIC Academy unafungua akaunti hata ukiwa Kisumu, kozi za kujisomea na maabara unazifanya. Mimi nimefanya za BGP hapo, na kompyuta yangu haikufanya kazi yoyote, ruta ziko kwao. Kwa mtu mwenye mashine dhaifu na bando zuri, hiyo ni dawa. Mwenye mashine nzuri na bando bovu aende na NSRC.

Wa Kenya waulizie KENET, wa Tanzania TERNET, wa Uganda RENU. Hiyo ni mitandao ya elimu na utafiti na huwa wanaandaa mafunzo ya wahandisi wa vyuo wanachama.

#19 DadaPwani
Asanteni #17 na #18. Naanza na IPv6.

#20 KasriLaData
Zana mnayoisahau ni intaneti yenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, mlifanya nini darasani? Mimi niliwakalisha wanafunzi wafanye traceroute (amri inayoonyesha ruta zote hadi kwenye tovuti). Tovuti zilizohifadhiwa hapa nchini na kupitia TIX (kituo cha kubadilishana trafiki cha Tanzania), safari fupi. Za nje, zinapinda au zinakufa njiani. Wakaona kwa macho kwamba intaneti ni nyaya zenye wenyewe, na kwamba trafiki ya ndani inayobadilishana ndani haihitaji kebo ya baharini. Halafu unawafungulia bgp.he.net waangalie mtoa huduma wao anaunganishwa na nani. Bure kabisa, simu inatosha.

#21 NjiaYaKaskazini
#20 hiyo ni fizikia ya intaneti. Na wape historia ya KIXP, kituo kama hicho cha Nairobi. Ilianza mwaka 2000, ikafungwa mwisho wa mwaka uleule baada ya Telkom Kenya kulalamika, ikafunguliwa tena 2002. Mwanafunzi akijua watu walipigania swichi moja iliyokaa chumbani ili barua pepe ya Nairobi kwenda Nairobi isipitie ng'ambo, hatasahau maana ya kubadilishana trafiki.

#22 FundiKariakoo
Sasa mmeingia baharini. Rudini kwenye kebo. Mbona mnaendelea kuwafundisha krosova (kebo yenye nyaya za kutuma na kupokea zilizopishana)? Kila intern anakuja na wimbo kwamba swichi kwa swichi lazima krosova. Vifaa vya leo vinatambua vyenyewe. Sijaikrimpi krosova sijui tangu lini.

#23 MamaSabneti
Inafundishwa kwa sababu inaulizwa kwenye mtihani. Na kwa sababu anayeelewa krosova ameelewa kwamba upande mmoja unatuma pale mwingine unapopokea. Siitoi.

#24 FundiKariakoo
Mfundishe kutuma na kupokea, na umwambie ukweli kwamba kebo ya moja kwa moja itafanya kazi. Alinipotezea boksi zima la plagi.

#25 Nilipita_Hapo
Nimesoma kimya, niseme kama mliyemfundisha. Nimemaliza diploma. Sababu zenu zote nzuri, lakini hamjataja ile tuliyoiishi. Kompyuta moja wanafunzi wanne. Aliyeshika mausi ndiye anayejifunza, na ni yuleyule muhula mzima, wengine tunaangalia mgongo wake. Zoezi likifika asilimia 100 tunaandika majina manne. Kwa hiyo mwalimu anaona darasa zima limefaulu OSPF. Waliofaulu ni robo.

Mimi nilijifunzia nyumbani, laptopu ya kaka na kozi ya bure ya Jeremy's IT Lab kule YouTube, kila somo lina zoezi lake la Packet Tracer. Hiyo Packet Tracer mnayoilaumu ndiyo iliyonipa kazi.

#26 MwalimuWaSwichi
#25 umesema jambo zito. Kwangu ni wawiliwawili, lakini la mausi lipo, nimeliona na nikalipita.

#27 Linuxi_tu
#25 ndiyo maana nasema mashine dhaifu moja kwa kila mwanafunzi ni bora kuliko seva moja nzuri. Namespace...

#28 FundiKariakoo
Tumeelewa.

#29 MkaguziWaMitaala
Wadau, kurasa zote hizi ni zana. Mtihani wa vitendo mnaupangaje? Wanafunzi 60, saa 3, vifaa seti chache. Mwisho wa siku mwanafunzi anasoma kinachopimwa. Mtihani ukiwa ni kusanidi kwenye Packet Tracer, atajifunza kusanidi kwenye Packet Tracer hata maabara ikijaa ruta za dhahabu.

#30 MwalimuKisumu
Hesabu yangu: vituo 6, raundi 10, dakika 18 kila raundi. Kila kituo kina ruta ndogo ya MikroTik, swichi na kompyuta mbili, na kosa moja ndani. Mwanafunzi yuko peke yake na anaandika alichokiona, alichokishuku, alichokijaribu. Alama nyingi ziko kwenye maandishi, chache kwenye kurekebisha. Ndani ya dakika hizohizo, mwanafunzi akitoka, narudisha faili la backup kwenye ruta, inajiwasha upya, dakika chache imerudi na kosa lake.

#31 Nilipita_Hapo
Raundi ya kwanza wakitoka tu, kosa la kituo cha 3 liko kwenye kundi la WhatsApp. Una makosa mangapi ya akiba?

#32 MwalimuKisumu
Si ya kutosha. Ndiyo nataka tuyakusanye hapa.

#33 MzeeWaKonsoli
Nachangia. Ofisi ndogo ya 192.168.10.0/24, haina gateway. Kompyuta moja ni 192.168.10.20, mask yake umeweka /25 (inaona .0 hadi .127 tu). Inaipata printa iliyo .100, haiipati iliyo .200. Kijana ataapa printa ni mbovu.

#34 FundiKariakoo
Yangu nakutana nayo karibu kila wiki. Mfanyakazi kaleta ruta ya Wi-Fi ya nyumbani, kaichomeka ukutani kwa mlango wa LAN. Nayo inaanza kugawa anwani. Nusu ya ofisi wana 10.0.0.x, nusu wana 192.168.0.x, na kila akizima na kuwasha mtu anapata bahati nyingine.

#35 MamaSabneti
Hiyo naichukua. Mwanafunzi aanze na ipconfig /all, asome DHCP yake (ugawaji wa anwani) imetoka kwa nani, kisha arp -a apate MAC (namba ya kifaa), kisha aitafute swichi iko mlango gani.

#36 MwalimuWaSwichi
Mlango gani ataujua swichi ikiwa ya kusanidiwa. Zangu mbili ni zile za kuchomeka tu, hazina pa kusoma MAC. Kuna anayejua ya bei ya chini inayoonyesha jedwali la MAC, hata ya milango mitano?